Kilo Elfu Tano na Kumi na Mbili

Katika karakana nzima ya magari ya jeshi, mtu mmoja tu hakuwahi kukosea kipimo hata kwa robo kilo, na mtu huyo ni mimi. Muulize yeyote. Daftari langu la mizigo lilikuwa safi kama shuka la hospitali: hakuna palipofutwa, hakuna namba iliyorekebishwa, hakuna wino uliovuja. Meja aliyekuja kukagua aliwahi kulinyanyua mbele ya mafundi wote akasema, "Vijana, kazi inafanywa hivi." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Siri ya kutokosea kipimo ni rahisi. Usipime.

Nisisingiziwe lakini: wiki mbili za kwanza nilipima kama nilivyoelekezwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karakana ilikuwa imetengeneza magari manne ya mfano, malori ya kubebea mizigo ya jeshi, na kabla jeshi halijaagiza mengine mia tatu, yale manne yalitakiwa kuteswa. Ndilo neno walilolitumia. Yapandishwe milima, yatumbukizwe kwenye mahandaki, yaendeshwe juu ya mawe mpaka meno ya dereva yagongane, na muda wote yawe yamebeba tani tano. Tani tano zilikuwa magunia mia moja ya mchanga, kilo hamsini kila moja. Na kwa kuwa mchanga una tabia zake, ukinyeshewa unanenepa na ukianikwa unakonda, kanuni ilisema kila asubuhi, kabla gari halijatoka, mpimaji achague magunia kumi popote pale, ayaning'inize kwenye mizani moja baada ya jingine, aandike, apige hesabu ya mzigo wote, atie sahihi.

Mpimaji nilikuwa mimi. Mizani ilikuwa moja tu, ya kuning'iniza, yenye ndoano kama ya bucha na uso wa mviringo kama saa ya ukutani. Sasa, gunia la kilo hamsini, kwa mtu mwenye kilo hamsini na nane pamoja na viatu, si mzigo, ni mpinzani wa mieleka. Na kila asubuhi walikuwa kumi. Wiki ya tatu mgongo ukaniambia: wewe umesoma mpaka kidato cha nne, kwa nini usitumie kichwa?

Nikatumia kichwa. Nilikaa kantini na chai yangu, nikabuni. Na hapa niache nijisifu kidogo, maana kubuni namba hakuwezwi na kila mtu. Mvivu wa kawaida angeandika hamsini, hamsini, hamsini, akakamatwa kabla chai haijapoa. Mimi niliandika arobaini na tisa nukta nane. Hamsini nukta tatu. Hamsini nukta moja. Arobaini na tisa nukta nne, na hilo nikalitilia maelezo pembeni: "limetoboka kidogo." Namba ya uongo lazima iwe na kasoro fulani, kama uso wa binadamu, ndipo watu waizoee.

Aliyeyachora magari yale alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Mafundi walimwita Mchoraji, na walilitamka kwa heshima, siku hizo. Ndiye aliyenitafutia kazi baada ya mimi kumaliza shule na kukaa mwaka mzima nikihesabu misumari ya dari yao. Nilikaa kwao, chumba cha nyuma. Nilikula chakula chao na kuvaa mashati yake ambayo dada aliyapunguza mikono. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, mwenye penseli nyuma ya sikio hata akisinzia kwenye kochi.

Jeshi lilitaka lori la kubeba tani tano, ambalo lenyewe liwe jepesi kiasi cha kuvuka daraja la maboya bila kulizamisha. Waliotangulia walishindwa upande mmoja au mwingine: ama lori lilibeba na kuzama, ama lilielea na kuvunjika. Shemeji alitumia miaka minne. Aliichukua chasisi, ile mihimili miwili mirefu inayobeba kila kitu, akaitoboa ubavuni matundu ya ukubwa wa sahani, kila palipokuwa na chuma kisichofanya kazi.

"Chuma kisicho na kazi ni abiria," aliniambia siku aliyonionyesha. "Mimi sibebi abiria." Akacheka mwenyewe, maana hakuwa mtu wa mizaha na huo ulikuwa mzaha wake mmoja wa mwaka. "Itabeba tano. Itabeba hata tano na nusu, kwenye handaki baya kuliko yote. Ikizidi hapo, mimi simo."

Dada alibeba mimba, akajifungua, akamwachisha mtoto ziwa, yote hayo ndani ya miaka ya michoro ile. Lori likipita, shemeji angekuwa mkuu wa usanifu, na jina lake lingechapwa kwenye kibati cha kila gari kati ya yale mia tatu. Lisipopita je? Nyumbani kwetu sentensi hiyo haikuwahi kumaliziwa.

Ajali ilitokea Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano, ile mvua isiyo na hasira, inayodondoka mchana kutwa na usiku kucha kama mtu asiye na pa kwenda. Gari namba tatu lilikuwa halina turubai. Turubai lake lilikuwa limepelekwa kushonwa upya kwa sababu lilipepea. Kwa hiyo magunia mia moja yalikaa wazi kwenye bodi, yakinywa.

Na mimi nilikuwa nakunywa, kantini, mgongo dirishani. Nilimaliza magunia yangu kumi kwa vikombe viwili, nikapiga hesabu ya mzigo wote: kilo elfu tano na kumi na mbili. Niliipenda ile kumi na mbili. Ilikuwa na sura ya mtu mkweli.

Dereva akaingia, maji yakimtiririka kwenye kofia ya sufu. Tulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo lilikuwa neno lake, na kwa sababu ndiye dereva pekee niliyewahi kumwona akipitwa na kuku. Alisimama mbele ya meza yangu akikunakuna shingo.

"Dogo, kuna kitu nataka kukwambia."

"Kama ni kitambi, kaka, nimeshakiona. Weka sahihi hapa."

Akainama kuweka sahihi. Akaziona zile namba kumi zimepangwa, na jumla yake chini. Akazitazama kwa muda, akanitazama na mimi, halafu uso wake ukalegea kama mtu aliyesamehewa adhabu. "Ahsante, dogo," akasema. "Ahsante sana." Sikujua ananishukuru nini. Nilidhani ni kile kitambi.

Sikuona ilivyotokea. Nilisikia. Kutoka kwenye handaki la nne ilikuja sauti kama ya geti la chuma linalobamizwa na mtu aliyekasirika. Halafu kimya. Halafu honi, na honi ile haikukata, haikupumua, kwa sababu kifua cha Taratibu kilikuwa kimeilalia.

Chasisi ilikuwa imekatika nyuma tu ya kabini. Bodi likajikunja mbele, na magunia yote yakaporomokea kwa dereva. Tulikimbia kumchimbua. Nikalikumbatia gunia la kwanza kama nilivyozoea zile wiki mbili, na gunia likakataa. Nikavuta tena, likakataa tena. Fundi wa kuchomelea akashika upande wa pili, tukaliinua wawili, na maji yakachuruzika yakaingia kwenye viatu vyangu. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kila mtu alikuwa ameloa chapachapa na ana tope mpaka kwenye nyusi, hakuna aliyeshangaa gunia kuwa na maji. Lakini mgongo wangu ulikuwa unaijua kilo hamsini, na ile haikuwa hamsini. Hata tuseme ilikuwa hamsini na tisa tu: mara mia moja, ni karibu tani sita.

Ikizidi hapo, mimi simo.

Niliendelea kuchimba. Nilichimba kuliko wote, kucha zikanitoka damu, na kuna watu waliosimulia baadaye nyumba kwa nyumba jinsi yule kijana mpimaji alivyo na roho nzuri. Mguu wa kulia wa Taratibu ulibanwa na chuma kwa saa nzima kabla hatujamtoa. Hospitali wakaukata juu ya goti.

*

Kamati ilikaa baada ya wiki tano. Kufikia hapo jua lilikuwa limerudi, na yale magunia, yaliyorundikwa kando ya uzio, yalikuwa yamekauka mpaka yanatoa vumbi. Wanakamati waliagiza kumi yapimwe upya mbele yao. Walikuja na mizani yao ya jeshi, na ilikuwa bahati, kwa sababu mizani yetu haikuwa imeonekana tena tangu siku ya ajali. Mtu wa stoo alisema itakuwa imefukiwa kwenye vurugu za kuchimbua, akaiandika kuwa imepotea. Nani angelilia mizani siku ambayo mtu amepoteza mguu? Magunia niliyapandisha mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo mara pekee, tangu zile wiki mbili za kwanza, niliyopima kwa haki. Yakaja hamsini, hamsini na kitu, arobaini na tisa na kitu, sawasawa na daftari langu. Ukweli ulikuwa unaniiga.

Taratibu hakuwepo. Alikuwa hospitali na homa ya kidonda, na maelezo yake yalichukuliwa kwenye karatasi moja: alikuwa kwenye gia gani, mwendo gani. Hakuna aliyemuuliza jingine.

"Mzigo ulikuwa kiasi gani?" Meja akaniuliza.

"Kilo elfu tano na kumi na mbili, afande."

"Na hiyo mvua?"

"Ilinyesha, afande. Ndiyo maana huwa tunapima kila asubuhi."

Sikusema nilipima. Nilisema huwa tunapima. Nilijipongeza kwa sentensi hiyo siku mbili nzima.

Meja akamgeukia shemeji. Kanuni ilimruhusu aniulize chochote: nilianza saa ngapi, niliyatoa magunia upande gani wa bodi, nani alinishikia. Swali moja tu lingetosha kuniumbua. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, imembana mabegani.

"Una swali kwa mpimaji?"

"Sina, afande," akasema shemeji. "Huyu nakaa naye nyumbani. Namba zake naziamini kuliko zangu."

Basi. Mzigo ulikuwa sahihi, dereva alikuwa kwenye gia sahihi, njia ilikuwa ile ile iliyopitwa mara thelathini. Kilichobaki ni chuma, na aliyekitoboa chuma alijulikana. Walimwondoa kwenye meza ya michoro wakampa cheo cha msaidizi wa stoo ya vipuri, chini ya mtu aliyekuwa akimletea chai.

Siku hukumu ilipobandikwa, kantini ilikuwa kimya. Watu walitazama vikombe. Mimi kimya kile sikukipenda. Watu wakinyamaza hufikiri, na mtu akifikiri sana anaweza kukumbuka gunia lililochuruzika maji. Nikachovya biskuti kwenye chai, ikalegea, ikakatika, nusu ikazama.

"Jamani," nikasema, "nimeiona chasisi ya shemeji."

Fundi wa kuchomelea akatema chai. Wengine wakafuata, meza baada ya meza, mpaka mpishi akatoka kuuliza kuna nini. Biskuti, kama ujuavyo, ina matundu. Kabla ya saa za kazi kwisha lori lilikuwa linaitwa Biskuti, na ndani ya wiki shemeji yangu alikuwa Mzee Biskuti, na akipita kwenye stoo kuna mtu lazima aulize kwa sauti kama kuna chai. Nilikuwa nimemtengenezea mtu jina, bure, na lilimkaa kuliko ile suti.

*

Amri kuhusu magari ikaja kwenye karatasi moja yenye mihuri mitatu. Gari la mfano la jeshi haliuzwi, haligawiwi, haliachwi mahali likaonekana. Namba moja na namba mbili zikatwe. Namba nne ipelekwe kwenye uwanja wa mizinga iwe shabaha. Namba tatu ilikuwa imeshajikata yenyewe.

Kukata gari si kama kukata mkate. Kuna mabomba ya mafuta, kuna mitungi ya hewa ya breki, ukiingiza moto wa gesi mahali pabaya unawazika watu. Mmoja tu alijua kila kitu kimepita wapi. Wakamtoa shemeji stoo, wakampa chaki nyeupe na uzi, achore mistari ya kukatia. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya uzi. Akanichagua mimi.

Siku tatu tulizunguka magari yale mawili. Angeweza kuchora mistari ya ovyo, nani angejali, ni vyuma chakavu. Alipima kila mstari kwa rula. Alipokosea nusu inchi alifuta kwa kiwiko na kuchora upya. Kwenye chasisi aliipitisha chaki katikati ya matundu yake, tundu hadi tundu, ili mkataji apate kazi rahisi.

"Hapa ni laini," alimwambia fundi mwenye mtungi wa gesi, kama daktari anayemwelekeza mwenzake. "Anzia hapa, hutasumbuka."

"Chai iko tayari, wakubwa," nikasema. "Leteni Biskuti."

Wakaangua kicheko. Na shemeji akacheka pia. Hilo ndilo ambalo mpaka leo, miaka mitano baadaye, hunirudia nikiwa nafanya mambo mengine kabisa, nikifunga kamba za viatu, nikipanga foleni benki. Alicheka. Alitazama wenzake wanavyocheka, akaweka na yeye kicheko chake pale, kidogo, kama mtu anayechangia.

Namba nne tuliipeleka uwanja wa mizinga wiki iliyofuata. Ilivutwa mpaka kwenye mteremko ulio umbali wa mita elfu moja, ikasimamishwa kwa ubavu, na shemeji akaamriwa awepo ili athibitishe kwa sahihi kuwa imeharibika kiasi cha kutotambulika. Tulikaa nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga. Kombora la kwanza likapita juu. La pili likaondoka na kabini. La tatu likaangusha bodi, la nne likapita chini ya chasisi na kulipuka kati ya matairi ya nyuma. La tano sikulitazama. Nilimtazama shemeji, nikiandaa cha kusema. Alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Moshi ulipoondoka, Meja akashusha darubini yake akaguna. "Ngumu hii."

Tulitembea mpaka pale. Kabini haikuwepo, matairi yalikuwa yanaungua, ekseli ya nyuma ilikuwa imetupwa kando. Lakini ile mihimili miwili yenye matundu ilikuwa imelala kwenye majani, mirefu, myeusi, imenyooka. Shemeji akapiga magoti. Akaingiza ngumi kwenye tundu moja baada ya jingine, akitafuta ufa. Alienda hivyo mpaka mwisho, akarudi na upande wa pili. Aliposimama mkono wake ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji," akaniambia, taratibu kabisa, "chuma hiki hakikatiki kwa tani tano."

Nilikuwa na mzaha tayari. Sikuusema. Ni mara ya kwanza nakumbuka kuumeza.

*

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana meza yao ya kulia iligeuka ofisi. Alikuwa ameomba daftari langu kwa mtu wa stoo, na mtu wa stoo, kwa huruma, alimpa. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na mwandiko wangu ni wa kuku, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye akaandika. Nilimsomea namba zangu zote. Za siku zote tisini na mbili. Nilizisoma kwa sauti ya kuaminika, nikiketi kwenye kiti chake, na mwanawe wa miaka mitatu mapajani mwangu akivuta vifungo vya shati lililokuwa la baba yake.

Alitafuta kosa lake. Alianza na michoro ya mwaka wa kwanza. Akapiga hesabu ya kila mhimili, ya kila ribiti, na kila Jumapili jibu lilikuwa moja: lori halikupaswa kukatika. Kisha alifuta yote na kuanza upya, kwa sababu lori lilikatika, na namba za shemeji yake, yaani mimi, hazikosei. Alikonda. Shati likamwachia shingo. Siku moja dada alinifuata chumba cha nyuma nikiwa napiga pasi.

"Mdogo wangu, wewe anakusikiliza. Mwambie aache."

"Nitamwambia."

"Anasema ataacha akishajua alipokosea. Anasema hawezi kuchora tena hata kiti, kama hajui mkono wake ulidanganya wapi." Alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Na hayo majina mnayomwita huko kazini, mtoto amekuja nayo nyumbani. Jana amemwita baba yake Biskuti."

"Watoto, dada," nikasema. "Wanaokota maneno kama makopo."

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Pasi ilikuwa imeunguza kola.

Jumapili ya mwisho ilikuwa kama nyingine. Tulikuwa tumefika Ijumaa ile, kwa mara ya nne au ya tano. Nilikuwa nasoma magunia kumi ya asubuhi ile, mtoto mapajani, shemeji penseli mkononi, dada jikoni, mlango wa mbele wazi kwa ajili ya upepo. Tukasikia kitu kinagonga barazani, hatua moja na magongo mawili, tena polepole, na kabla sijageuka nilikuwa nimeshajua ni nani.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, karibu ndani," shemeji akasimama mbio, akavuta kiti, akamshika bega. Hawakuwa wameonana tangu ajali. Taratibu alikuwa ametoka hospitali mwezi huo. Kitambi kilikwisha. Suruali upande wa kulia ilikunjwa na kubanwa kwa pini kubwa. Begani alining'iniza mfuko wa turubai, mzito, uliomvuta upande.

"Sikai sana," akasema. "Nimekuja na aibu yangu, mzee. Nisipoisema itaniua mimi kabla ya kidonda."

"Wewe una aibu gani?" akasema shemeji. "Mwenye aibu ni mimi niliyekuchorea jeneza."

Taratibu akatikisa kichwa. Akafungua mfuko, akaingiza mkono, akatoa mizani. Ile ya ndoano. Kioo cha uso kilikuwa kimepasuka na ndoano ilikuwa imepinda. Akaiweka juu ya michoro, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Hospitali walinipa vitu vyangu vya kwenye kabini kwenye gunia. Koti, chupa ya chai, na hii. Mzee, mimi niliichukua bila ruhusa. Kuna dalali alikuwa ananipunja kwenye mahindi ya mama, nikasema nimpimie mbele yake. Niliichukua Alhamisi jioni, nikaiweka chini ya kiti niirudishe asubuhi. Asubuhi nikachelewa, mvua, nikaona nimwambie kijana wako hapa mwenyewe." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa wema mpaka nikaona vigumu kuutazama. "Nikamkuta ameshaandika kila kitu. Hakuniuliza. Hakupiga kelele. Angesema tu mizani haipo, ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Dogo, mimi nilikuwa sijakushukuru vizuri. Ulinisitiri."

Shemeji alikuwa bado amesimama. "Alhamisi jioni," akasema.

"Alhamisi."

"Na Ijumaa asubuhi ilikuwa wapi?"

"Si nakwambia, mzee, chini ya kiti changu. Ndiyo iliyonichana hapa." Akagusa paja, juu kidogo ya pini. "Walitoa ndoano kwanza, ndipo wakakata."

Dada alikuwa ametokea mlango wa jikoni na trei ya vikombe. Hakuna aliyemkaribisha Taratibu chai. Shemeji aliitazama mizani, halafu daftari lililofunguka mkononi mwangu, halafu karatasi yake mwenyewe ambako alikuwa ameandika, dakika moja iliyopita, kwa mwandiko wake mzuri, magunia sita kati ya kumi. Penseli ilikuwa bado iko kwenye la saba.

Taratibu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kwenda polepole tu. Niliona inamjia, kama gari lake lilivyokuwa likija kutoka mwisho wa uwanja, dogo, halafu kubwa zaidi, halafu mbele yako.

"Dogo," akasema. "Kwani siku ile ulipimia nini?"

Nililifunga daftari, kidole changu kikiwa bado kwenye gunia la saba. Dada akaweka trei sakafuni, akavuka chumba, akamtoa mtoto mapajani mwangu bila kunigusa. Mtoto akalalamika, alikuwa bado ameshika kifungo.

Taratibu alikuwa anangoja jibu.